Dodoma ya Wapita Njia: Nani Anauandika Uwanda wa Kati?

Kila mpenzi wa kusoma mtandaoni anazijua makala za "Vivutio Kumi vya Dodoma". Orodha huwa ile ile: Mlima Simba na mawe yake, mashamba ya zabibu, bwawa la Hombolo, michoro ya miambani Kondoa, mabaki ya mradi wa karanga Kongwa. Kila kivutio kinapewa aya moja na picha moja iliyopigwa jioni jua likizama, halafu tunaambiwa barabara ni nzuri na tubebe maji ya kutosha. Mwisho.

Sina ugomvi na orodha. Mtu anayetaka kutembea Jumamosi anahitaji kujua aelekee wapi. Ugomvi wangu ni kwamba katika aya hizo zote hakuna mtu. Kuna mwamba, kuna mbuyu, kuna "mandhari ya kuvutia", kuna "historia ya kale". Aliyeupa mwamba jina hayumo. Anayechunga mbuzi chini yake hayumo. Bibi aliyekatazwa kuingia pangoni kwa sababu pango limekuwa "urithi wa dunia" naye hayumo. Ukimaliza kusoma unabaki na nchi tupu, nzuri, yenye lami.

Mtindo huu una umri mkubwa kuliko mtandao. Uwanda wa kati wa Tanzania, yaani Ugogo, Irangi na nchi ya Wasandawe, umeandikwa kwa zaidi ya miaka 150 na watu waliokuwa njiani kwenda sehemu nyingine. Waandishi wa vivutio wa leo wamerithi macho yao bila kujua. Hebu tuvisome vitabu kadhaa kama mtembezi anavyoisoma njia, tuone vinamwacha nani nje. Halafu tukisome kimoja kilichoandikwa na mwenyeji.

Nchi inayopimwa kwa kiu

Tuanze na misafara. Richard Burton alipita Ugogo mwaka 1857 akitafuta maziwa makuu, na kitabu chake *The Lake Regions of Central Africa* kikatoka 1860. Henry Morton Stanley alipita 1871 akimtafuta Livingstone, na mwaka uliofuata akachapisha habari zake. Ukiwasoma hawa wawili kuhusu Dodoma ya leo, utagundua kwamba wana vipimo viwili tu. Cha kwanza ni maji: yapo au hayapo, matamu au machungu, umbali gani hadi kisima kinachofuata. Ndiyo maana eneo kavu lililo baada ya Mpwapwa, mlango wa kuingilia Ugogo, liliwakaa sana kichwani kwa jina la Marenga Mkali, yaani maji makali. Kipimo cha pili ni hongo: mtemi huyu anataka nguo ngapi, yule atatuchelewesha siku ngapi.

Mtu atasema hayo ni macho ya Mzungu. Sawa, tuwasome basi Waswahili. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha *Safari za Wasuaheli*, na ndani yake imo simulizi ya Selemani bin Mwenye Chande kuhusu safari yake ya bara. Kiswahili chake ni kitamu mno. Kina mwendo wa mtu anayesimulia barazani, sentensi fupi, mambo yanakwenda moja baada ya jingine bila madoido. Kama lugha, kwangu anawashinda Burton na Stanley kwa mbali, na yeye hajifanyi mgunduzi wa chochote. Lakini ramani yake ni ile ile ya msafara: kambi, maji, hongo, kambi. Nchi ya kati kwake ni kipande cha njia kinacholipiwa ili kivukwe. Lugha ni yetu, macho ni ya mpita njia.

Hapa kuna neno moja la kulitazama vizuri. Hongo. Leo ukimwambia mtu "alitoa hongo", anaelewa rushwa, jambo la aibu, la kufanywa gizani. Katika maandishi ya misafara hongo ni malipo ya wazi anayotozwa mgeni anayepita katika nchi ya mtu na kunywa maji ya mtu. Fikiria ulivyo uwanda huu: mvua za msimu mmoja, mito inayokauka, visima vilivyochimbwa na kutunzwa kwa mikono. Msafara wa mamia ya watu ukiingia kijijini unakausha kisima na kula akiba ya mtama. Mtemi anayedai nguo na waya wa shaba kabla ya hayo kutokea anafanya kitu ambacho leo kila hifadhi ya taifa inakifanya getini, nasi tunalipa na kuchukua risiti. Neno lile lile sasa ni jina la kosa. Sisemi kwamba Kiswahili kilikaa kikao kikaamua kumhukumu mtemi wa Ugogo. Nasema tu kwamba tukilisoma neno hilo katika vitabu vya misafara kwa maana yake ya leo, tunamsikiliza mlipaji anayelalamika, na mpokeaji hapati nafasi ya kujieleza.

Makala za vivutio zinafanya vivyo hivyo kwa adabu zaidi. Zinakuambia ubebe maji. Hazikuambii maji ya hapo ni ya nani.

Mnyampala, au kuandika ukiwa nyumbani

Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huko huko Ugogo, upande wa Ihumwa, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Wengi wetu tunamjua kama mshairi, mtu wa *Diwani ya Mnyampala* na *Ngonjera za UKUTA*, aliyezipeleka ngonjera shuleni na kwenye majukwaa ya siasa. Wachache wamesoma kitabu chake cha 1954, *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika*. Gregory Maddox amekitafsiri kwa Kiingereza, tafsiri ikatoka 1995, na nadhani leo ni rahisi zaidi kwa mwanafunzi wa chuo kikuu Marekani kukipata kuliko kwa mwalimu wa sekondari Bahi.

Niseme ukweli: sio kitabu chepesi. Ukikifungua ukitarajia maelezo ya milima na machweo utachoka mapema. Mnyampala anahesabu koo: nani alitoka wapi, alipita wapi, alikaa wapi, nani akawa mtemi, nani akahama. Kurasa zinajaa majina ya watu na mahali mpaka msomaji asiye Mgogo anaanza kuruka mistari. Usiruke. Hayo majina ndiyo ramani. Mahali ambapo Burton anaona nyika kati ya kisima na kisima, Mnyampala anaona ukoo uliotoka kaskazini na mwingine uliotoka Uhehe. Nchi ileile iliyokuwa pengo katika simulizi za misafara, kwake imejaa watu hadi haina pa kutema mate.

Mapungufu yapo. Kitabu kinawapenda sana watemi, na wanawake wanapita ndani yake mara nyingi kama wake na mama wa watu fulani tu. Kilichapishwa zama za ukoloni, serikali ikitaka kujua nani ni chifu halali wa wapi, na harufu ya hitaji hilo ipo. Mara nyingine unatamani mwandishi aweke chini orodha ya koo atuambie mvua ya kwanza ilikuwa inanukaje. Yeye ni mshairi, angeweza. Lakini hata anapochosha, anachosha kama mwenyeji anayekutambulisha kwa kila ndugu aliyepo uani, wakati wewe ulikuwa umeomba maji ya kunywa tu.

Mwaka aliozaliwa nao una uzito. 1917 hadi 1920 ni miaka ya Mtunya, njaa kubwa ambayo wazee wa Ugogo waliihesabia umri. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha mvua zikakosekana. Makala za utalii zikigusa njaa ya Dodoma huiweka upande wa hali ya hewa, kana kwamba ukame peke yake uliwaua watu. Mtoto aliyezaliwa katikati ya njaa ile alikuja kuandika kitabu kizima cha nani ni nani na nani alitoka wapi. Mimi siwezi kukisoma bila kufikiri kwamba orodha zile ndefu ni hesabu ya waliobaki. Hilo ni langu, Mnyampala hajaliandika hivyo.

Kolo: picha moja, hadithi mbili

Sasa twende Kondoa, maana huko ndiko swali la nani anasoma nini linapokuwa kali kuliko kwingine.

Kutoka Dodoma mjini hadi kijiji cha Kolo ni kama kilomita 180 kwenye barabara kuu ya kwenda Babati na Arusha. Unajiandikisha katika ofisi ya mambo ya kale, unapewa mwongozaji, unakwenda kilomita kadhaa za vumbi, halafu unapanda mlima kwa miguu. Juu, chini ya miamba iliyoinama kama paa la banda, ndipo ilipo michoro: watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa vya nywele, twiga, tembo, pofu, kwa rangi nyekundu. Sehemu nyingine, kama Pahi, rangi nyeupe ya zama za karibu zaidi imewekwa juu ya nyekundu ya zamani. Mwaka 2006 UNESCO iliingiza eneo hili katika orodha ya urithi wa dunia: zaidi ya miamba 150 yenye michoro, katika eneo la kilomita za mraba 2,336.

Aliyeifanya michoro hii ijulikane sana ulimwenguni ni Mary Leakey. Alikuja 1951 na mumewe Louis, akakaa miezi akinakili, na mwaka 1983 akatoa kitabu chake *Africa's Vanishing Art*. Ni kitabu kizuri, na nakala zake za michoro ni kazi ya mkono yenye nidhamu ya ajabu. Picha nyingine leo zinaonekana vizuri zaidi katika karatasi zake kuliko kwenye mwamba wenyewe. Yeyote anayepanda Kolo anadaiwa shukrani naye.

Lakini tazama jina la kitabu. Sanaa inayotoweka. Jina hilo lina huzuni nzuri, na huzuni hiyo ina sharti: ili kitu kitoweke, mwenyewe awe ameshaondoka. Miaka 12 kabla ya kitabu hicho, mwaka 1971, Eric Ten Raa, aliyeishi na kufanya utafiti kati ya Wasandawe, aliandika makala ambayo jina lake linazungumzia sanaa iliyokufa na jamii iliyo hai. Wasandawe wapo, wanaishi magharibi ya hapo, pande za Kwa Mtoro na Farkwa katika wilaya ya sasa ya Chemba, na lugha yao ya vidoko bado inasemwa. Ten Raa aliuliza swali ambalo mpita njia halimjii: mbona hatuwaulizi wao?

Tofauti ya usomaji huu inaonekana vizuri katika picha moja ya Kolo. Inaonyesha watu watano wamesimama mstari. Wa katikati ni kama mwanamke, ameshikwa mikono. Upande mmoja wawili wana vichwa vya ajabu, kama wamevaa vinyago. Upande wa pili wapo wengine wawili. Leakey aliisoma kama kisa cha utekaji: watu waliovaa vinyago wanamvuta mwanamke, na wenzake wanajaribu kumzuia asichukuliwe. Ni usomaji wa mtu aliyezoea riwaya. Kuna tukio, kuna adui, kuna hatari. Na unanata akilini: mtalii akishaambiwa "huyu anatekwa" hawezi tena kuona kitu kingine.

Wengine wameisoma tofauti. Wasandawe wana ngoma iitwayo simbo, ambayo mchezaji hupandwa na hali nyingine, huwa kama simba, na wenzake humshika ili asijiumize. Ukiiangalia picha ukiwa na ngoma hiyo akilini, mikono ileile iliyokuwa inavuta sasa inategemeza. Vinyago vinakuwa nyuso za watu waliovuka kwenda upande wa pili. Hakuna adui. Kuna mgonjwa, au mganga, na jamii inayomshika.

Siwezi kuamua nani yuko sahihi, na mchoraji hawezi kuulizwa. Kama mhakiki lakini naweza kusema usomaji upi unahitaji nini. Usomaji wa utekaji unahitaji macho tu: unasimama mbele ya mwamba, unaunda hadithi, unaondoka. Usomaji wa simbo unahitaji ufahamu kidogo ngoma ya watu wanaoishi jirani, jina lake, inachezwa lini na kwa nini. Yaani unahitaji mwenyeji. Si ajabu basi kwamba hadithi ya utekaji ndiyo iliyozoeleka kwenye makala za vivutio. Inabebeka.

Pombe ukutani

Jambo hili lina madhara kwa watu walio hai. Mahali pale penyewe wenyeji wanapaita Mongomi wa Kolo, na hapajaacha kutumika. Watu hupanda kuomba mvua, kutafuta tiba, kuagua. UNESCO wenyewe walilitaja hilo walipoiingiza Kolo kwenye orodha: mila hai ni sehemu ya sababu ya eneo kupewa heshima hiyo. Katika ibada hizo pombe ya kienyeji huweza kumwagwa au kurushwa, na ukuta unaolowa ni ukuta wenye michoro. Kwa mhifadhi huo ni uharibifu. Kwa aliyepanda kuomba mvua, kuta zile zingekuwa na faida gani zikiangaliwa tu?

Mtafiti Emmanuel Bwasiri aliandika mwaka 2011 kuhusu hali hii ya Mongomi, akionyesha jinsi sheria na usimamizi wetu vinavyolinda kitu na kusahau matumizi yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inautumia mwaka 1863 kama mpaka: mchoro uliochorwa mwambani na binadamu kabla ya mwaka huo unalindwa moja kwa moja. Tafakari sheria hiyo kama msomaji wa fasihi. Rangi ya zamani ni urithi. Mkono unaorusha pombe leo, ukifuata desturi ambayo huenda ni ya zamani vilevile, hauna kifungu. Sheria nayo inasimulia kama mpita njia: kilicho hai kinaisumbua, kilichokoma kinaithibitishia thamani.

Nisieleweke vibaya. Pombe inaharibu rangi, hilo halina mjadala wa kishairi, na michoro ikifutika imefutika. Wapo pia wanaochimba sakafu za mapango wakitafuta dhahabu wanayoamini Wajerumani waliifukia wakati wa vita, na hao wanabomoa bila kuomba mvua yoyote. Uhifadhi unahitajika. Ninachokataa ni maandishi yanayowaweka mwombaji na mchimbaji katika kapu moja la "wananchi wasio na uelewa". Mmoja anaisoma Kolo kama sanduku la hazina. Mwingine anaisoma kama mahali pa kusemea na waliotangulia. Kama mwandishi wa utalii hawezi kutofautisha usomaji huo miwili, basi anajua kuhusu Kolo machache kuliko wanakijiji anaowahurumia.

Mandhari yaliyoamriwa

Ukishuka Kolo ukatembea pande za milima ya Irangi, utaona makorongo mekundu, mengine ya kina cha kutisha, na kati yake vilima vilivyojaa vichaka na miti. Makala zitakuambia "uoto wa asili". Jina hilo linaruka miaka mingi ya mabishano. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kama HADO, kupambana na mmomonyoko. Mwaka 1979 ilitoka amri ya kuondoa mifugo yote katika eneo lililoharibika zaidi Kondoa, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Ng'ombe wakaondoka, na kwa mfugaji ng'ombe akiondoka sio nyama tu imeondoka: ni mahari, ni mbolea, ni maziwa ya mtoto, ni akiba ya mwaka wa njaa. Miti ikarudi. Miaka kumi baadaye watu wakaruhusiwa kufuga tena, ng'ombe wachache wa zizini, wa kukatiwa majani.

Je, ilikuwa sawa? Udongo ulipona, hilo linaonekana kwa macho. Gharama ililipwa na nani, hilo halionekani kwa macho, na ndipo maandishi yanapohitajika. Kichaka unachokipiga picha kando ya korongo kiko pale kwa sababu familia fulani iliswaga ng'ombe wake nje ya eneo hilo. Mtembezi anayejua hivyo haoni kijani kidogo kuliko mwenzake. Anaona kijani na anajua kililipiwa.

Kongwa ni kisa cha aina hiyo hiyo kilichokwenda vibaya zaidi. Kati ya 1947 na 1951 serikali ya Uingereza ilitaka kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3 katika makoloni yake upande huu wa Afrika, na Kongwa ikawa makao ya mwanzo. Walileta matrekta, wakageuza hata vifaru vya vita kuwa mashine za kung'oa miti. Mibuyu ikawagomea, udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji, mvua hazikuja walivyozipanga. Takriban pauni milioni 36 zikapotea. Alan Wood, aliyewahi kufanya kazi ya habari ndani ya mradi wenyewe, aliandika *The Groundnut Affair* mwaka 1950, na ninakipendekeza: kina ucheshi wenye uchungu, na Wood hajifichi nyuma ya lugha ya ripoti. Ila hata kwake Wagogo wako pembeni mwa jukwaa. Janga ni la Waingereza, kichekesho ni cha Waingereza, hata aibu ni yao. Kwamba wenye nchi walikuwa na ujuzi wa vizazi kuhusu mvua ile na udongo ule, na hawakuulizwa, ni jambo ambalo kitabu kinalisogelea kisha kinalipita.

Tena Kongwa haikuishia kwenye karanga. Kuanzia 1964 palikuwa na kambi za wapigania uhuru: FRELIMO, ANC, SWAPO, ZAPU, MPLA. Samora Machel alikuwa hapo, Chris Hani alikuwa hapo. Walikaa miaka, walinunua vitu sokoni, walipata marafiki, wengine walizaa na wenyeji. Kwa mtembezi wa leo sehemu mbili hizi ziko jirani: mabaki ya ndoto ya mafuta ya karanga, na mabaki ya kambi ambamo nchi kadhaa za kusini zilijiandaa kuwa huru. Makala ya kawaida itakupa sentensi moja kwa kila moja. Swali la jinsi mji mdogo wa Wagogo ulivyowapokea wageni wa aina hizo mbili ndani ya miaka 20 halipati hata nusu sentensi, na kwangu hapo kuna riwaya nzima inayosubiri mwandishi.

Basi tuandikeje?

Sidai kila anayeandika "sehemu za kutembelea" ageuke mwanahistoria. Nadai vitu vidogo. Taja majina, la mwamba, la kijito, la kitongoji, kwa lugha ya wenyeji, na uliza maana yake. Dodoma yenyewe mjini inakupa mfano wa bure: husimuliwa kwamba jina limetokana na neno la Kigogo la kuzama, kwa sababu tembo alididimia kwenye tope la kijito. Iwe imetokea au haikutokea, hadithi hiyo inakuambia kwamba kwenye nchi unayoijua kwa vumbi, watu walichokikumbuka ni tope. Wapita njia hawakuliona hilo kwa sababu walipita kiangazi.

Taja pia nani anatumia mahali hapo leo, na kwa shughuli gani. Kama kuna mgogoro, uandike, msomaji hatavunjika. Na pale unapomnukuu mwongozaji wa Kolo aliyekupandisha mlima, mpe akili yake: mwambie msomaji kwamba mtu huyu anajua usomaji wa Leakey na usomaji wa babu yake, na kwamba huwa anachagua upi akusimulie kulingana na maswali unayouliza.

Kwa anayepanga kwenda, ushauri wangu ni wa mpangilio wa kusoma. Anza na Mnyampala, hata kurasa 30 tu, umzoee mtu anayeongea akiwa kwao. Kisha Selemani bin Mwenye Chande, kwa ajili ya Kiswahili chake na kwa ajili ya kusikia hongo kabla haijawa tusi. Leakey mbebe au mtazame kabla ya kupanda, macho yako yatazoea mistari. Ten Raa msome baada ya kushuka. Ukifika mbele ya ile picha ya watu watano, usiulize kwanza inamaanisha nini. Muulize mwongozaji mara ya mwisho watu walipanda hapa kuomba mvua ilikuwa lini, na kama ilinyesha.